Paka wa ndani na paka wa uani: jinsi ya kuwatunza Dar mpaka mtaa nao ukubali

Kama sa hivi una kapaka kwenye boksi la viatu, macho hakajafumbua, kanalia mpaka wapangaji wenzio wamewasha taa, anza na joto, maziwa baadae. Wengi hapo ndo tunapokosea. Unasikia kitoto kinalia unajua ni njaa, unakimbia dukani kwa mangi unachukua pakiti ya maziwa unakinywesha, asubuhi unakikuta kimekauka. Kitoto cha paka cha siku chache hakiwezi kujitunzia joto, kinategemea tumbo la mama yake na ndugu zake, kikishapoa utumbo unagoma kufanya kazi na maziwa yanabaki tumboni yanachacha tu. Kwahiyo ingiza ncha ya kidole kidogo mdomoni mwake, ukisikia ubaridi usimpe chochote kwanza. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza maji ya moto, ivalishe soksi, ilaze upande mmoja wa boksi sio katikati, ili kikiona joto limezidi kijivute chenyewe upande wa pili. Juu tupia kipande cha kitenge. Maji yakipoa unabadilisha, usiku mzima. Kama kimepoa sana kiweke kifuani ndani ya nguo kipate joto la mwili wako taratibu, hata saa nzima, usikibanike kwenye jiko la mkaa.

Paka wangu Masika nilimpata mwezi wa 4, mvua inamwagika, kwenye mtaro nyuma ya nyumba tunayopanga Mwananyamala. Walikuwa wawili, maji yamewasukuma wakanasa kwenye kiroba kilichoziba mtaro. Yule mwenzie nilimpa maziwa akiwa bado wa baridi. Masika alibaki anapata joto kifuani kwangu kwa sababu tu maziwa yalikuwa yameisha. Asubuhi alikuwa hai peke yake, na mpaka leo nikiona mtu ameshika kitoto cha paka mkono mmoja na pakiti ya maziwa mkono mwingine lazima nimsimamishe.

Kikishapata joto ndo unalisha. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanaharisha, na kitu cha gramu 150 kikiharisha siku moja kimeisha. Yapo maziwa ya unga maalumu ya vitoto vya paka, ulizia kliniki za wanyama. Kama ni saa 8 usiku na huna pa kwenda, koroga glukosi kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, toa matone machache machache mpaka pakuche, hiyo ni ya kumsogeza tu sio chakula. Ila njia nzuri kuliko zote ni kutafuta paka mwingine anayenyonyesha, na mtaani kwetu huwa hakosekani. Chukua kitambaa wanacholalia watoto wake, mfute nacho mgeni apate harufu yao, mpenyeze katikati ya wenzie wakati mama kalala, wengi wanampokea bila shida.

Kulisha kwa mkono unatumia bomba la sindano la mililita 1 au 2, bila sindano yenyewe, duka lolote la dawa wanauza. Kitoto kilale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu maana maziwa yanaingia mapafuni, ukiona yanatokea puani ujue unasukuma haraka mno. Wiki ya kwanza ni kila saa 2 au 3, mchana na usiku, wiki ya pili unaweza kufika kila baada ya saa 4. Na kuna kitu ambacho watu hawakijui kabisa: kitoto hakiwezi kukojoa chenyewe. Mama yao huwalamba. We chukua pamba iliyoloa maji ya uvuguvugu umpapase taratibu sehemu za choo mpaka atoe, kila baada ya kula, mpaka afike kama wiki 3.

Mizani ndo itakwambia ukweli. Kitoto huzaliwa na kama gramu 100 na kinatakiwa kiongeze kama gramu 10 kila siku. Mimi nilikuwa nampeleka Masika kwa mangi kila asubuhi, anamweka kwenye bakuli la plastiki juu ya mizani ya kupimia sukari, anaandika namba kwenye karatasi ya maboksi ya sigara ukutani. Siku mbili bila kuongezeka, siku hiyohiyo unaenda kwa daktari wa mifugo. Kuhusu umri: macho yanafumbuka kuanzia siku ya 7 mpaka ya 14, masikio yanasimama wiki ya 3, meno yanaanza kuchomoza hapohapo, wiki ya 4 unaanza kumpa chakula laini.

Alafu kabla hujaokota chochote, subiri. Paka jike huwa anahamisha watoto mmoja mmoja, na akienda kutafuta chakula anaweza kukaa masaa. Kama watoto ni wakavu, wametulia, matumbo yamejaa, kaa mbali uangalie. Mvua ikiwa inakuja au kuna mbwa au sisimizi wameshawapanda, hapo chukua.

Chakula

Paka wengi wa Dar wanaishi kwa ugali na dagaa, na shida haipo kwenye dagaa, ipo kwenye ugali. Unakuta bakuli zima ugali alafu vichwa vitatu vya dagaa juu kama pambo. Mbwa anaweza kwenda hivyo, paka hawezi, yeye ni mla nyama mwili mzima. Kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, lazima akipate kwenye nyama au samaki, akikosa muda mrefu moyo unatanuka na macho yanapoteza nuru, pole pole, we unaona tu paka amekuwa mpole. Mioyo inayo kwa wingi, ya kuku au ya ng'ombe. Na ukichemsha, taurini inahamia kwenye maji, kwahiyo ule mchuzi usiumwage, changanyia humohumo.

Mimi napika mara mbili kwa wiki. Fungu la dagaa wakavu, mioyo na firigisi za kuku, kama kuna mapupu naongeza, wali kidogo sana wa kunyonya mchuzi, yaani nyama na dagaa wawe zaidi ya robo tatu ya sufuria. Chumvi hakuna, mafuta hakuna, kitunguu marufuku kabisa cha maji na cha swaumu, vinaharibu damu ya paka, kwahiyo lile rosti lililobaki mchana usimmwagie. Dagaa wa chumvi walowekwe na kusuuzwa mara mbili tatu. Dagaa mzima na mifupa yake anampa kalsiamu, ila mifupa ya kuku iliyopikwa inakatika kama sindano, itoe. Maini mara moja kwa wiki kipande kidogo yanatosha, kila siku yanamzidishia vitamini A mpaka mifupa ya shingo inakakamaa.

Samaki mbichi kila siku napo hapana. Najua ukienda Feri pale sokoni utaona paka wamenenepa kwa matumbo ya samaki na utasema mbona wale, lakini aina nyingi za samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, paka akilishwa hicho tu kwa wiki kadhaa anaanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Ukipika hicho kimeng'enya kinakufa. Dakika chache tu za moto.

Maziwa paka mkubwa hahitaji. Wengi wakishaachishwa kunyonya uwezo wa kuyasaga unapungua, ndo yale mauchafu unayokuta asubuhi koridoni. Mpe maji. Joto la mwezi wa 1 na wa 2 hapa mjini kila mtu analijua, weka bakuli mbili tatu kivulini, mbali na choo chake, badilisha kila siku. Na kama unaweka maji kwenye mapipa na ndoo kama sisi wengine, funika, vitoto vinarukia ukingo vinatumbukia na havitoki.

Choo

Beseni pana, mchanga wa ujenzi uliochekechwa au maranda kutoka kwa mafundi seremala, basi. Toa uchafu kila siku, mchanga wote badilisha kila wiki. Beseni moja kwa paka mmoja na moja la ziada, ukiwa na wawili weka matatu, ukibana hapo ndo wanaanza kukojolea godoro. Akikojoa pasipo, osha kwa sabuni kisha pitisha siki. Dawa zenye klorini usichanganye na mkojo, hewa yake inaumiza kifua. Dettol na zote zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji usizitumie kwenye vyombo vyake wala kumwogeshea wala kwenye kidonda, anajilamba zinamwingia na ini la paka haliziwezi. Kidonda kidogo kinaoshwa na maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa.

Dada zangu wajawazito, hamna haja ya kutupa paka. Yule mdudu wa toksoplasma akitoka kwenye kinyesi anahitaji siku 1 mpaka 5 ndo awe na uwezo wa kuambukiza, kwahiyo choo kikisafishwa kila siku na mtu mwingine, au we mwenyewe na glavu kisha unanawa, hatari inashuka sana. Mishikaki isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo ni njia kubwa ya kumpata.

Majirani, na hapa naomba msome taratibu

Kwenye nyumba zetu za kupanga paka sio wako peke yako. Anapita koridoni kwa watu, analala kwenye viatu vya watu, anazaa kwenye kabati la mtu. Jirani yangu mmoja alikuwa amekaanga vibua vinne vya futari, ameinama kuchochea mkaa, kugeuka vimebaki vitatu na paka wangu Chausiku yupo juu ya ukuta na kibua kinaning'inia mdomoni. Nilitoka sikubisha. Nilimwambia mama samahani, nikaenda kununua vibua viwili nikamletea kabla ya magharibi. Siku hiyo ndo ilinifundisha kwamba kumlisha paka wangu ashibe saa 10 jioni, kabla majiko hayajawashwa uani, ni bei rahisi kuliko kesi. Paka aliyeshiba bado anaweza kuiba lakini hana ile kasi. Na paka wako akimtia mtu hasara, lipa haraka hata kama ni kichwa cha samaki, maana chuki ya kichwa cha samaki ndo inanunua sumu.

Mwenye nyumba mwambie mapema, usimfiche. Hoja inayomwingia ni panya, nyumba za pembeni ya mtaro zinajua panya ni nini. Wazee wa mtaani kwetu wengi ni Waislamu na wamekuwa upande wangu, wanasema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani, na wanaikumbuka ile hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Ukipata mzee mmoja wa hivyo, kaa karibu naye.

Kuna wale wanaowapiga mawe usiku kwa sababu paka wakilia kama watoto wanasema ni wanga. Msiwacheke, wana hofu kweli. Waeleze: ule mlio ni jike aliye kwenye joto la kutaka dume anaita, au mashume wawili wanagombea eneo. Niliwaambia majirani tukiwafunga kizazi hawa kelele zitapungua, na zilipopungua kweli yule aliyekuwa mkali kuliko wote ndo sasa anawawekea maji nisipokuwepo. Kama kuna mtu anatesa kwa makusudi, nenda kwa mjumbe au serikali ya mtaa, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Ila anza na maongezi.

Chakula cha paka wa mtaani kiwe saa ileile na sehemu ileile kila siku, mbali na mlango wa mtu. Weka, subiri dakika 20 au 30, ondoa bakuli, fagia. Ukiacha mabaki yanaleta panya, mende na nzi, na jirani atakuwa na haki ya kulalamika.

Sumu na dawa

Mnamjua yule anayepita na spika, sumu ya panya, sumu ya kunguni, sumu ya mende, viroboto, siku nzima. Vipakiti vingine havina hata maandishi. Paka mara nyingi hali sumu yenyewe, anakula panya aliyekula sumu. Nimempoteza paka mmoja hivyo, alikuja kwenye kizingiti mate yanamtoka, mwili unatetemeka, miguu ya nyuma imeisha nguvu, na kila aliyetoka uani alikuwa na dawa yake, mmoja maziwa, mmoja mafuta ya kula, mmoja maji ya chumvi. Tukamnywesha maziwa. Yakaingia mapafuni. Naomba usifanye hivyo. Usimnyweshe kitu, usimtapishe, mfunge kwenye taulo, mtoe mbio kwa daktari wa mifugo, na kama kipakiti kipo kibebe. Zipo sumu nyingine zinachelewa, paka anakuwa mzima siku 3 mpaka 5 kisha anaanza kutoka damu puani au kwenye fizi, ufizi unakuwa mweupe, hiyo ina dawa yake ambayo ni vitamini K akiwahiwa. Waombe majirani wakitega sumu wakwambie ili ufungie wako ndani, na panya waliokufa waokotwe wazikwe.

Za dukani sasa. Panadol. Kidonge kimoja tu cha parasetamo kinaweza kuua paka, mwili wake hauwezi kuivunja vizuri, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia. Diklofenaki na ibuprofeni vilevile. Hakuna dawa ya maumivu ya binadamu ya kumpa kwa kubahatisha, hata nusu, hata robo.

Viroboto na kupe usitumie dawa ya kuogeshea mbwa au ng'ombe. Nyingi zina pemethrini au amitrazi, paka anatetemeka mpaka degedege. Dawa ya paka imeandikwa paka na inapimwa kwa kilo. Mafuta ya taa na oili chafu kwa ukurutu ni vilevile, anajilamba yote. Ukurutu unatibika vizuri kwa sindano au matone ya daktari wa mifugo. Kama huna hela mwezi huu, tumia kichana chenye meno ya karibu, cha chawa, chovya kwenye maji ya sabuni kila ukitoa viroboto, fua kitambaa anacholalia kwa maji ya moto, maana mayai na viluwiluwi wengi wako huko kuliko kwenye paka. Kwa minyoo mpe dawa, kitoto kuanzia wiki 2 au 3 kwa dozi ya daktari, mkubwa kila miezi 3. Yale madoa ya duara yasiyo na nywele ni mapunye, yanahamia kwa watoto, nawa mikono na umtibu.

Kizazi

Ungekuwa na hela ya kufanya kitu kimoja tu kwa paka wako, fanya hiki. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, bado mtoto mwenyewe, anabeba kama siku 63 mpaka 65, na anaweza kupandwa tena wakati bado ananyonyesha. Kinachowasha joto lake la kutaka dume ni urefu wa mchana. Ulaya siku za baridi zikiwa fupi mwili wake unapumzika miezi kadhaa, sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni ule ule takribani masaa 12 mwaka mzima, kwahiyo hapumziki. Ndo maana unaona jike wa mtaani hapa mifupa imetokeza, matiti yananing'inia na tumbo lingine limeshaanza. Chausiku alizaa mara tatu kabla sijapata akili na hela, watoto 11, waliofika ukubwa ni wanne. Ndugu wa tumbo moja nao wanapandana, usisubiri.

Jike anafungwa kizazi, dume anahasiwa, vyote vinafanywa na daktari wa mifugo akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Anza miezi 4 mpaka 5. Hatakiwi kula kuanzia usiku wa jana yake, kitoto muda mfupi zaidi, uliza. Jike ana mshono, asilowe, asiruke juu siku 10 mpaka 14, mlaze ndani kwenye shuka safi sio kwenye mchanga. Dume baada ya kuhasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, usimwamini mwezi wa kwanza. Kuna wanaonipinga kwa imani kwamba unamnyima uzazi, nawaheshimu, ila nawaomba waje wanisaidie kuzika vile vitoto vya masika. Gharama ikikushinda changisheni, sisi tulichanga kaya sita kama mchezo wa upatu, kila mwezi paka mmoja. Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza wapi wanafanya kwa nafuu, na vyama vya ustawi wa wanyama huwa na kampeni, fuatilia.

Chanjo na kung'atwa

Kichaa cha mbwa kinampata paka pia, na akikupa hakina dawa kikishaonyesha dalili. Chanja akiwa na miezi 3, rudia baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kama daktari atakavyosema. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, karibu na hapo sehemu nyingi chanjo huwa inatolewa bure au kwa bei ndogo, peleka na paka, watu wanadhani ni ya mbwa tu.

Ukiparuliwa au kung'atwa na paka usiyemjua, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 ukiangalia saa, sio kukisia, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulize chanjo ya kichaa na pepopunda. Usifunge kidonda na majani, usipake mafuta ya breki. Jino la paka ni jembamba, tundu linajifunga juu na uchafu unabaki ndani, kesho yake mkono umevimba. Wafundishe watoto: paka anayekula, anayenyonyesha na asiyekujua haguswi.

Paka wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo bila kusubiri kesho: dume anayekwenda chooni anajikamua, analia na mkojo hautoki, huyo njia imeziba na siku moja mbili zinatosha kumuua. Anayehema mdomo wazi. Asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, ini linaharibika. Kitoto kinachoharisha na kutapika. Aliyeanguka ghorofani hata kama anatembea, nyie wa Upanga na Kariakoo wekeni waya mgumu dirishani, nyavu za mbu anazipasua na nondo anapita katikati. Na wenye magari, gonga boneti asubuhi kabla hujawasha, msimu wa mvua wanalala juu ya injini.

Kumbeba

Usimweke kwenye kiroba wala gunia, jua la mchana kwenye foleni ya makutano ya Morocco linammaliza humo ndani. Tenga la kuku ndo kila kitu, bei nafuu, lina hewa, linafungwa kwa kamba. Tandika khanga chini, funika na nyingine juu akose kuona, atatulia. Panda bajaji, bodaboda kelele zinamtisha.

Paka wa mtaani asiyeshikika, mlishe kwenye lile tenga kwa wiki nzima mlango ukiwa umeshikiliwa wazi kwa kamba, kila siku sogeza bakuli ndani zaidi, siku ya safari vuta kamba mlango ujifunge. Usimshike kwa mkono, hata ukijiona unazoeana naye. Akiwa bado kwenye dawa ya usingizi mwambie daktari akate ncha ya sikio, kwa kawaida la kushoto, ndo alama kwamba huyu tayari, asije kukamatwa na kupasuliwa tena. Dume mlaze usiku mmoja ndani ya tenga, jike siku mbili au zaidi.

Kumwachia, mrudishe palepale ulipomkamatia, sio kwenda kumtupa Coco Beach au sokoni, huko hajui maji yako wapi na wenyeji watampiga. Shume wetu mweusi nilimfungulia saa 11 alfajiri chini ya ule ukuta wa mtaro, watu hawajaamka, mimi nimesimama nyuma ya tenga ili asinipitie, mlango unaangalia upande anaoujua. Alitoka kama risasi. Niliweka maji na dagaa kidogo nikaondoka. Siku tatu hakuonekana. Ikikutokea usimtafute kwa kelele wala usihamishe bakuli, endelea kuweka chakula saa ileile, sehemu ileile. Wetu alirudi siku ya nne, saa 12 jioni, akakaa hatua kumi kutoka kwenye bakuli akisubiri niingie ndani ndo ale.